Siku Ngoma Ilipolala

Mwanangu Sakina,

Umekwenda Kizuka kumuaga bibi yako, na mimi nimeketi karakanani na ile kalamu yako ya shule uliyosema imekufa. Haijafa, inataka kupumuliwa tu, kama mzee. Bibi yako hatakuachia bila kukulisha, kwa hiyo nina mchana mzima wa kusema jambo ambalo nimeshindwa kulisema kwa miaka minane.

Mambo ya safari sitayaandika. Boti inaondoka kesho alfajiri, na shangazi yako amekwisha kukueleza ufunge nini kiunoni na ukae upande gani usitapike, ameyarudia mpaka mbuzi wa jirani ameyajua. Yangu ni mengine. Nakuomba usiisome barua hii hapa nyumbani. Isome majini, Rumonge ikiwa nyuma yako na Kigoma haijaonekana, mahali ambapo huwezi kushuka ukarudi kunitafuta. Ndiyo, baba yako ni mwoga. Ukifika chini utajua ni mwoga wa kiasi gani.

Juzi nilipokuambia kwamba utafikia kwa mjomba wako Shabani, kaka wa marehemu mama yako, uliendelea kuchambua mchele. Kisha ukasema, "Nitakaa kwake kwa sababu sina pengine. Lakini sitamwamkia." Mimi nikajibu, "Haya, mtajuana huko huko," nikatoka nje nikisema nakwenda kuangalia ngozi zangu. Hakukuwa na ngozi yoyote nje siku hiyo.

Maneno yako hayo ndiyo yaliyonikalisha hapa. Mtoto wa Zaituni anaingia nyumbani kwa kaka wa mama yake na hampi hata salamu ya mtoto kwa mkubwa. Nimeyabeba usiku na mchana, Sakina, kwa sababu asiyestahili kuamkiwa siye huyo unayemfikiria.

Unakumbuka ulezi? Ulikuwa na miaka sita, labda saba. Kila nilipomaliza kuwamba ngoma mpya ulikuja na punje za ulezi kiganjani, ukazimwaga juu ya ngozi, mimi nikapiga ukingoni kwa kidole kimoja, pole pole. Punje ziliruka, zikakimbia huku na huku, mwishowe zikajipanga zenyewe kama zimeitwa majina. Ulicheka mpaka ukakaa chini kwenye vumbi la mbao. Nilikueleza kwamba ngozi haitetemeki yote sawasawa. Kuna mahali panaruka na mahali panatulia, na punje hukimbia panaporuka zikakusanyika panapotulia. Zikijipanga mviringo mzuri, ngozi imevutwa sawa pande zote. Zikijipanga kombo, kuna upande umelegea, na fundi anaanza upya. Siku moja ukaniambia, "Baba, ni kama sisi tunavyokimbilia kwa bibi." Nilichukua ufagio nikafagia.

Na unakumbuka dufu zilizotundikwa ukutani? Mizinga ilipolia mbali, upande wa Muhuta, masikio yetu yalikuwa hayajasikia kitu, lakini dufu zilianza kunung'unika zenyewe pale pale misumarini. Mlio mzito wa mbali hupita hewani, ukikuta ngozi iliyokazwa unaitikisa. Ulikuwa ukiweka kiganja juu ya dufu kubwa, unafumba macho kama daktari, unasema, "Leo iko mbali," au unasema, "Leo iko karibu," nasi tunafunga mizigo. Majirani walikuwa wakituma watoto wao waje kukuuliza. Nilijivunia, na nilihuzunika pia, kwa sababu kiganja cha mtoto hakikuumbwa kwa kazi hiyo.

Sasa nisikilize, maana jambo lenyewe liko kwenye neno moja. Sisi watu wa ngozi tuna lugha yetu. Ngoma ikinywa unyevu, uso wake ukalegea, sauti ikafa, hatusemi imeharibika. Tunasema imelala. Tukiwasha makuti ya mchikichi tukaisogeza motoni, ngozi ikakaza tena, tunasema tumeiamsha. Harusini umesikia mara ngapi, "Iko nalala, leta makuti"? Na huku kwetu unajua tunavyosema. Mtu iko, mbuzi iko, ngoma iko. Yule mwalimu wenu aliyetoka ng'ambo, alipokuwa akifundisha hapa kabla shule haijafungwa, alikuwa akishika kichwa. Alisema Kiswahili cha Rumonge kimewavisha watu na vyombo shati moja. Tulimcheka sana. Mimi nilimcheka kuliko wote.

Mwaka ule watu wa mtaa walipokubaliana kulinda zamu, Mzee Hamimu, shefu, yaani mkuu wa mtaa wetu, alikuja hapa na wazee wawili. Walitaka ngoma kubwa ikae kwenye kibanda cha walinzi, pale njia inapotokea kwenye michikichi. Mwenye zamu akiona watu wenye bunduki wanashuka, apige. Walio majumbani wakimbilie mashambani, na wanawake wanaongoja ndagala ufukweni waingie kwenye mitumbwi wasukume majini. Mama yako alikuwa mmoja wa hao wanawake. Kila alfajiri alikwenda kununua ndagala za wavuvi wa usiku na kuzianika mchangani.

Mzinga wa ngoma nilikuwa nao tayari, wa mti ambao kwa Kirundi unaitwa umuvugangoma, yaani unaosemesha ngoma. Ulikuwa mzinga mzuri, mnene tumboni, na tundu chini la kutolea pumzi. Kilichokosekana ni ngozi kavu. Niliyokuwa nayo ilitoka kwa ng'ombe aliyechinjwa wiki ile ile.

Ngozi ya ng'ombe haitaki haraka. Inataka kivuli, upepo na siku nyingi. Ukiipeleka juani au motoni inakauka nje upesi na ndani inabaki mbichi, kama kitumbua kilichoungua. Ukishaiwamba juu ya mzinga na kuipigilia vigingi, hakuna kamba ya kukaza baadaye kama kwenye ngoma nyingine. Ilivyo ndivyo itakavyokuwa, mpaka uivue. Na ngozi iliyokauka vizuri ikipata ukungu wa ziwa hulegea kidogo tu, bado itasikika. Iliyo mbichi ndani hulala kabisa.

Hayo yote nilikuwa nayajua. Baba yangu alinifundisha kwa kofi.

Mvua zilikuwa zimeanza, na kila jioni Mzee Hamimu alipita mlangoni.

"Fundi, iko tayari?"

"Bado, mzee."

"Watu wanaogopa, fundi."

Siku ya tano nikamwambia, "Iko tayari."

"Imekauka?"

"Imekauka, mzee."

"Murakoze, fundi. Mungu akuwekee mikono."

Nilikuwa nimeianika juani siku moja na kuikausha motoni siku mbili. Nilipoibonyeza kwa kidole gumba, kidole kilizama kidogo na ngozi haikukirudisha upesi. Kwa nini nilisema imekauka? Nimejiuliza mpaka swali limechakaa. Hakuna aliyenilazimisha, na Mzee Hamimu angengoja wiki nyingine mbili kama ningemweleza. Kweli ni kwamba nilipenda kuulizwa. Watu wote walikuwa na hofu, na katika hofu ile mimi, mtu wa kuwamba dufu za harusi, nilikuwa nimekuwa mtu wa maana. Wazee walikuja kwangu, hawakwenda kwa mwenye duka wala kwa mwenye boti. Sikutaka kuwa fundi ambaye mtaa mzima unamngojea. Haraka haraka haina baraka, nilikuwa nikikuambia wewe kila ukishona, na mimi mwenyewe sikuisikia.

Tuliijaribu saa sita mchana, jua la utosi. Mjomba wako ndiye aliyepiga, kwa sababu alikuwa na mkono mzuri kuliko vijana wote. Ililia mpaka wavuvi waliokuwa wakitengeneza nyavu wakasimama kutazama. Mama yako alikuwa mlangoni na beseni la ndagala kichwani. Akasema, "Hii itasikika mpaka Congo." Nilitembea mtaani siku hiyo kifua mbele. Sikuwaambia kwamba saa sita mchana ngozi yoyote hulia.

Shabani alipangiwa zamu ya alfajiri. Palikuwa na jambo moja la kumwambia: ikinyesha, ifunike, na kabla hakujapambazuka iamshe kwa moto kidogo. Lakini moto ulikuwa umekatazwa kibandani ili mwanga usionekane kutoka milimani. Angelazimika kuomba ruhusa, na wazee wangeuliza ngoma iliyokauka inaota moto wa nini. Kwa hiyo sikumwambia. Nilimpita njiani jioni ile, tukataniana kama kawaida yetu. Aliniambia, "Shemeji, ngoma yako nzito kama wewe." Nikamwambia apige vizuri asije akanivunjia jina.

Ilinyesha usiku kucha. Karibu na alfajiri mvua ikakatika na ukungu ukapanda kutoka ziwani. Nilikuwa nimeamka kuswali, na mama yako alikuwa ameshatoka. Nilikuwa nimemsikia akijifunga kanga ya pili kichwani kwa ajili ya manyunyu. Unajua alfajiri ya namna hiyo ilivyo, hewa ya baridi imelala juu ya maji na sauti inateleza mbali. Unamsikia mvuvi akikohoa katikati ya ziwa kama yuko jikoni kwako. Ngoma nzima ingefika ufukweni na kupita.

Nikasikia bu. Bu. Bu. Kama mtu anayekung'uta godoro.

Nilijua papo hapo. Na hapa ndipo ninapoona haya, mwanangu, kalamu imesimama mara tatu. Jambo la kwanza nililofikiri halikuwa bunduki. Halikuwa mama yako, wala wewe uliyekuwa umelala chumba cha pili. Nilifikiri, sasa watajua ngozi ilikuwa mbichi. Nilisimama na kanzu mkononi nikifikiria jina langu. Labda ulikuwa muda wa kusoma Alhamdu moja, labda mbili. Kisha risasi zikaanza upande wa ufukweni, nikakubeba tukakimbilia mashambani. Unakumbuka ulipoteza kiatu. Mimi nakumbuka kwamba hata katika kukimbia nilikuwa bado naisikia, bu, bu, bu, nyuma yetu, haisimami.

Walioshuka walikuwa wa upande gani, sijui mpaka leo, na ukikutana na mtu anayesema anajua, muulize alikuwa amejificha wapi. Walipita pembeni ya mtaa wakaenda moja kwa moja kwenye mitumbwi na ndagala. Wanawake hawakukimbia kwa sababu hawakusikia kitu cha kuwakimbiza. Mama yako tulimkuta karibu na beseni lake.

Ule muda niliosimama na kanzu, mtu mwenye miguu kama yangu angefika ufukweni kuwaambia? Njia hiyo nimeitembea mara nyingi tangu siku ile, kwa mwendo wa mbio, nikihesabu. Siku nyingine nafika. Siku nyingine sifiki.

Siku ya tatu baada ya maziko tulikutana kibandani, baada ya swala ya adhuhuri. Mvua ilikuwa imekatika tangu juzi yake na jua lilikuwa linachoma. Mama Anzuruni, jirani yetu wa nyuma, ndiye aliyeanza. Alisema, "Mimi nilikuwa macho. Nilisikia mutu anatwanga tu. Ngoma sikuisikia." Na wengine wawili wakasema vivyo hivyo, walisikia kinu, wakadhani kuna mtu anatwanga mihogo mapema. Hakuna aliyejiuliza nani anatwanga alfajiri na ukungu ule.

Shabani alikuwa amekaa chini. Alisema, "Nilipiga, mzee. Nilipiga mpaka fimbo ikavunjika. Nikapiga na mikono." Akainyoosha mikono yake mbele. Ilikuwa imevimba, na ngozi chini ya vidole ilikuwa imepasuka. Watu walimtazama usoni, wakitafuta uongo. Mimi nilitazama mikono, kwa sababu ndiyo kazi yangu. Mikono ile haipatikani kwa dakika mbili. Alikuwa amepiga mpaka risasi ya mwisho, akiamini anasikika, maana mpigaji huisikia ngoma kifuani mwake na ndiye wa mwisho kujua kwamba haifiki.

Mzee Hamimu akachukua fimbo, akaipiga ngoma yeye mwenyewe, mara moja. Ndege waliruka kutoka kwenye michikichi. Jua la siku mbili lilikuwa limeiamsha, ikalia kama siku ile tuliyoijaribu.

"Ngoma iko nzima," akasema. Kisha akanigeukia mimi. "Fundi, nyumba yako iko karibu kuliko zote. Weye ulisikia. Ilikuwa nini?"

Nilifungua mdomo niseme kweli. Utaniamini au hutaniamini, lakini nilitaka kusema. Nilisema, "Ililala."

Nilimaanisha ngoma. Ndilo neno letu, nililolisema maisha yangu yote. Nilikuwa navuta pumzi ya kusema neno la pili, na la tatu, niwaambie habari ya ngozi. Lakini mwanamke mmoja aliyekuwa amefiwa na binti yake pale ufukweni akasimama akasema, "Munasikia? Hata shemeji yake anasema alilala." Na neno likapita kutoka mdomo hadi mdomo, alilala, alilala, mpaka likawa la watu wote. Kwa Kiswahili cha yule mwalimu pasingekuwa na kosa. Kwa Kiswahili chetu "ililala" ni ngoma na ni mtu pia, vyote kwenye shati moja.

Mjomba wako peke yake ndiye aliyeelewa. Ameziamsha ngoma zangu kwa makuti tangu hajaota ndevu. Aliinua kichwa akanitazama. Hakuomba, hakukasirika. Alikuwa anangoja nimalize. Lilikuwa limebaki neno moja tu, ngoma, ambalo mtoto wa miaka miwili hulitamka, na nilikuwa nalo mdomoni.

Nikatazama chini.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa ndefu kwa sababu sikudanganya hata neno moja siku ile, nilikata tu kweli katikati. Nilijiambia nitamweleza Mzee Hamimu jioni, watu wakishatulia. Jioni nikasema kesho. Wiki haikuisha, vijana wakaanza kutupa mawe juu ya bati la Shabani, na alfajiri moja akapanda boti. Alipita hapa kuaga. Nilikuwa ndani. Nilimsikia akibisha, nikamsikia akingoja, nikamsikia akisema na wewe uani. Ulikuwa na miaka tisa. Sijui alikuambia nini, hukuwahi kunieleza. Najua kwamba jioni yake uliniuliza, "Baba, ni kweli mujomba alilala?" Nami nikakujibu, "Lala, mwanangu. Hayo ni mambo ya wakubwa."

Ukalala, na ukakua ukimchukia. Nilikuona ukikua hivyo. Kila mwaka, siku ya kumsomea mama yako dua, ulikuwa ukilitaja jina lake kwa ubaya, nami nilikuwa naitikia amina na watu wengine. Chuki yako ilinisitiri, Sakina. Ilikuwa ikielekea kule ng'ambo ya ziwa, na mimi nilikuwa nimekaa upande huu nakunywa chai. Hilo ndilo linalonisumbua sasa kuliko yote. Zaituni alikufa kwa sababu ya haraka yangu, na hilo nitamjibu Mungu. Lakini wewe nilikulea juu ya ngozi mbichi nikijua.

Umewahi kuniuliza kwa nini sitengenezi tena ngoma kubwa, dufu tu na vigoma vya watoto. Nilikuambia mgongo unaniuma. Mgongo wangu ni mzima, uliona wiki iliyopita nilivyobeba gunia la shangazi yako. Ile ngoma ya mtaa niliivua ngozi mwezi ule ule, nikawaambia wazee panya wameitafuna. Ngozi hiyo nimeiweka darini miaka yote hii. Kila kiangazi naishusha, naibonyeza kwa gumba, nairudisha. Sasa imekauka kweli, nje na ndani. Ukiigonga kwa ukucha inalia kama bati.

Mwezi uliopita, mapigano yaliporudi karibu na tukaanza kulala mashambani tena, na ukaanza kusikia habari za wasichana wanaochukuliwa njiani, nilituma watu wa boti waulize nani ng'ambo anaweza kukupokea. Niliwatumia jamaa wengi, nikamruka Shabani. Jamaa wote walikuwa na sababu. Jibu lilitoka kwa yule nisiyemtumia. Mwenye boti alisimama hapo mlangoni akaniambia, "Shabani anasema, ambia shemeji vita haina jamaa. Mulete mutoto kwangu." Nikauliza kama alisema jambo lingine. Akasema hapana. Kisha akafikiri kidogo, akasema mjomba wako anashona nyavu za watu, anaishi vizuri na majirani, ila kukiwa na harusi huchukua kiti chake akakae mbali na ngoma. Watu wa kule wanadhani ni mtu wa dini sana.

Sikuandikii haya ili unionee huruma. Ukinionea huruma nitajua nimeandika vibaya. Wala sina wosia mkubwa wa kukupa. Kitu kimoja tu nimejifunza katika kazi hii, na nimekilipia. Mimi nilikuwa na sikio la kusikia kigingi kimoja kilicholegea kati ya arobaini, na sikio hilo hilo lilisikia watu wakibadilisha neno langu, likakaa kimya. Sikio zuri halimfanyi mtu kuwa mzuri. Wewe umelirithi, nimeliona tangu siku za ulezi. Nilikuwa nataka urithi sikio hilo kwangu, na moyo kwa mama yako.

Kesho ni Ijumaa. Nikishakusindikiza nitarudi nyumbani kuoga, nivae kanzu, na baada ya swala nitamwomba Mzee Hamimu aniruhusu niseme mbele ya watu. Masikio yake yamekuwa mazito siku hizi, itabidi nipaze sauti. Yule mama aliyefiwa na binti yake bado yuko hai, huswali upande wa wanawake, atasikia naye. Sijui watanifanya nini. Shangazi yako bado hajui, atalia, kisha atanipikia, ndivyo alivyo. Ukiwa unasoma hapa, huenda nimeshaanza kusema. Nimejizoeza asubuhi ya leo na mbuzi wa jirani. Sentensi yenyewe si ndefu.

Kwenye mfuko wako, chini kabisa, nimeweka kitu kilichofungwa kwa kanga ya mama yako, ile ya pili. Usidhani ni chakula. Ni ile ngozi. Mpe Shabani mkononi, usimwachie mtu mwingine ampelekee. Hutahitaji kumweleza. Ataibonyeza kwa gumba, ataona imekauka, na atajua nimekuambia.

Atakuwa amesimama pale boti zinapofikia, na pengine hatakusogelea, kwa sababu anajua unavyomwona. Utamtambua kwa kimo cha mama yako. Usimtazame usoni kwanza, tazama mikono yake. Kama utanichukia baada ya hapo ni haki yako, na usiponiandikia nitaelewa, ingawa kila boti nitakuwa ufukweni nikiuliza. Lakini hayo ni ya kwetu wawili, yasubiri. Ukishuka, hata kabla ya mzigo, anza na yeye.

Ngoma ililala, Sakina. Mjomba wako alikuwa macho. Mwamkie.

Baba yako